Kitita Kisichofika Kiritiri

Marafiki zangu, mliniuliza safari ilikuwaje, nikasema "poa tu." Ndivyo nilivyo. Nikiulizwa kitu mbele ya watu, maneno hukimbilia tumboni yakajificha huko. Kwa hiyo nimeyatoa kwenye daftari langu na kuyapanga kidogo. Someni wenyewe, ila msisome kwa sauti nikiwa karibu.

Mkifika mwisho mtajua pia kwa nini kila Jumapili ya Meza ya Bwana mimi nilikuwa naumwa tumbo.

Maua: kabla ya kutoka

Lazima nianze na Desemba, la sivyo hamtaelewa.

Desemba nilikuwa kwa Cucu, mama yake mama, huko Mbeere, mwendo mfupi kutoka soko la Kiritiri. Kazi yangu jioni ilikuwa moja tu: kufunga mbuzi. Lango la zizi ni la fito na hufungwa kwa kamba. Jioni moja nilikuwa nimeshika simu ya Cucu, nikaingiza mbuzi, nikarudi kwa simu. Asubuhi mbuzi wote kumi na mmoja walikuwa kwa shamba la jirani, ndengu zimeliwa mpaka mashina.

Jirani ni Ciarunji. Yeye na Cucu wamekaa benchi moja kanisani tangu wakiwa wasichana. Akaja uani, hakupiga kelele. Akauliza tu, "Nani alifunga mbuzi jana?"

Cucu akanigeukia. "Nkirote, ulifunga?"

"Nilifunga, Cucu."

Cucu akamwambia rafiki yake, "Umesikia. Mtoto wangu hasemi uongo."

Jumapili hiyo Ciarunji alikaa upande ule mwingine wa kanisa. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, na pasta akasema kila mtu ajihoji kabla ya kusogea mbele kupokea mkate. Mimi nilijihoji nikiangalia nafasi iliyobaki kwa benchi, kati ya Cucu na ukuta. Sikuinuka. Siku mbili baadaye nikarudi kwetu, mjini Maua, na tangu hapo sikusogea tena. Nyumbani, shuleni, popote, nilipoona kitambaa cheupe mezani tumbo langu liliuma, na wakati mwingine liliuma kweli.

Miezi minane nilikuwa na swali moja kwenye daftari: Mungu hukasirika kwanza ndipo asamehe, au husamehe kwanza? Na kama ni kukasirika kwanza, mtu hupeleka nini ili hasira iishe?

Mwezi wa nane, shule zikifungwa, nikamuuliza Guka, baba yake baba. Mnamjua, mzee wa miraa, anaongea kidogo kuliko mimi. Nilizunguka sana. "Guka, kama mtu, si mimi, mtu tu, amekosea mzee..."

Hakuuliza ni nani. "Kwetu Igembe mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu," akasema. "Anaenda na kitita cha miraa. Mzee akikipokea, maneno yameisha. Asipokipokea, rudi nyumbani."

Ijumaa alfajiri akaenda mwenyewe kwa miti yake ya zamani, akachagua vijiti vyekundu, akavipanga na kuvifunga kwa majani ya mgomba mpaka kikawa kama mtoto amefungwa shuka. "Siku mbili," akaniambia. "Ikizidi hapo, umebeba kuni."

Mama alidhani naenda likizo tu.

Maua hadi Nchiru: magodoro

Nilipewa lifti na Mzee Hassan, mwenye duka la magodoro mjini, rafiki wa baba. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanarudi Nchiru, naye alikuwa amejaza lori lake dogo magodoro mpaka juu. Nilikaa mbele, kitita mapajani.

Akakiangalia, akaangalia barabara, akakiangalia tena.

"Siku hizi wasichana ndio wanaenda kuposa?"

Nilitamani kuruka dirishani. Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Nakutania, binti yangu. Najua hicho kitita, ni cha posa au cha msamaha. Kuna mtu umemkosea."

Nikatingisha kichwa kukubali. Kwa sababu aliangalia barabara na si mimi, nikapata nguvu ya kuuliza. "Mzee, nyinyi mkitaka kuomba Mungu na mmechafuka, mnafanyaje?"

"Tunanawa kwanza. Mikono, mdomo, uso, miguu."

"Na kama hakuna maji?"

"Basi udongo safi unatosha. Unagusa kwa viganja, unapangusa uso na mikono."

"Udongo?"

"Udongo."

Niliandika hilo wakati anasimama kununua ndizi. Mtu kusafishwa kwa udongo! Sikulielewa, lakini lilinifurahisha. Yeye alikuwa ananiambia mambo ya dini yake, mimi nilikuwa nawaza Mbeere, ambako maji ni shida na udongo ni wa bure.

Nchiru tulifika saa tano, mimi nikihesabu kwamba saa nane niko Embu. Kumbe mlinzi wa hosteli alikuwa ameenda mazishini na funguo mfukoni. Tulimngoja; sikuona vizuri kumwacha mzee peke yake. Mvua nayo ikaanza, ikabidi tushushe magodoro kwa kiosk cha jirani, na wanafunzi wakawa wanayalalia hapo hapo wakisema wanajaribu kama ni magumu. Mlinzi alipofika ilikuwa karibu saa kumi na moja. Binamu yangu Kendi, anayesoma pale, akaja kunichukua.

"Nkirote, hii ni nini umebeba? Umeanza biashara?"

"Ni ya mzee fulani."

"Mzee fulani gani?"

"Fulani tu."

Alinipikia chapati na maharagwe, akanyunyizia kitita maji na kukiweka dirishani penye baridi. Hakuuliza tena. Nikala chapati nne.

Nchiru hadi Embu: harusi ya Mwenda

Jumamosi asubuhi nilipanda basi mjini Meru. Tulipita Nkubu vizuri, na Chogoria, nami nikawa nafungua jani kidogo kila mara kuangalia. Vijiti vilikuwa bado vinang'aa. Halafu mbele kidogo ya Chuka tukasimama. Udongo ulikuwa umeporomoka barabarani na tingatinga lilikuwa linausukuma polepole, kama mtu anayekula asichokipenda.

Watu wote tulishuka. Kulikuwa na mama mmoja wa vitenge, mnene, mchangamfu, ametandika leso kwa nyasi na kufungua mkebe wa viazi na minji. Akaniita nikae. Nilipoweka kitita chini, akakishika kwa adabu, mikono miwili.

"Hii ni ya kuomba msichana! Kwenu bado mnafanya? Kaka yako anaoa?"

Hapo ndipo ningesema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini watu walikuwa wamegeuka, macho kama kumi, nami nikafanya nilichofanya Desemba.

Nikatingisha kichwa ndiyo.

"Anaoa wapi?"

"Embu."

"Anaitwa nani?"

"Mwenda."

"Anafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

Sina kaka! Mnanijua, tuko wasichana watatu. Lakini ndani ya dakika mbili nilikuwa na kaka, nimempa jina na kazi, na mzee mmoja wa koti akauliza kama anafundisha hesabu, nikasema ndiyo. Yule mama akasimama. "Wapendwa, hatuwezi kunyamaza. Tumuombee huyu kijana." Akaomba, kando ya barabara, tingatinga likinguruma. Alimwombea Mwenda ndoa ya amani, watoto, na mama mkwe mpole. Watu wakasema amina. Mimi pia nikasema amina, kwa sauti ndogo.

Nilikula viazi vyake na vilikuwa vitamu sana, hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Tuliporudi kwa basi niliandika: "Naenda kuungama uongo mmoja na njiani nimeongeza mwingine. Sasa kitita kimoja kitatosha?" Nikaanza kuona kwamba shida yangu si lile lango. Lango lilikuwa jioni moja tu. Shida ni mimi mwenyewe, ninayeogopa macho ya watu kuliko kitu kingine chochote. Na mtu wa namna hiyo hata akipeleka shamba zima la miraa, bado yeye ndiye anayelipeleka.

Embu hadi Kiritiri: mbuzi mweupe

Embu tulifika saa tisa na nusu. Jua la huko si kama letu. Majani ya mgomba yalikuwa yamekauka pembeni, na vijiti vya juu vimeanza kulegea. Gari la kwanza kwenda Kiritiri lilikuwa pikapu ya mama mmoja mfanyabiashara wa mbuzi. Dereva wake alikuwa mumewe, mzee asiyesema, na kule nyuma kulikuwa na mbuzi sita na kiti cha mbao, ambacho walinipa.

Kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda. Mashamba ya chai na migomba yakaisha, ikaanza migunga na udongo mwekundu, magunia ya makaa kando ya barabara, mizinga ya nyuki kwenye miti. Katikati ya safari gurudumu likapasuka. Tukashuka. Nikaacha kitita juu ya kile kiti kule nyuma, kivulini, nikaenda kumsaidia mzee kushika jeki.

Sijui ilichukua dakika ngapi. Nilisikia mama wa mbuzi akipiga kelele, "We! We! Toka hapo!"

Mbuzi mmoja mweupe, mwenye sikio lililokatika, alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, mdomo ndani ya majani ya mgomba. Wengine watano walikuwa wanamsaidia. Nilikimbia. Nilipofika nilivuta kilichobaki: kamba, jani moja, na vijiti vitatu vimetafunwa ganda.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Mimi, ambaye siwezi kulia hata kwa mazishi nikiangaliwa.

"Pole, pole mtoto," mama akasema. "Mbuzi hana dini. Nikulipe?"

"Hapana."

"Ulikuwa unapelekea nani?"

Labda ni kwa sababu sikuwa namjua na sitamwona tena. Nilimwambia yote: lango, simu, ndengu, ile "Nilifunga, Cucu," benchi, Meza. Hata Mwenda nilimwambia. Alinisikiliza ameinama, mikono kwa magoti. Nilipofika kwa ndengu akauma mdomo. Nilipofika kwa Mwenda alishindwa, akacheka mpaka akashika pikapu.

"Ngoja," akasema akipangusa macho. "Mbuzi wakakula ndengu. Wewe ukaleta kitita kwa sababu ya ndengu. Mbuzi wakakula kitita."

"Ndiyo."

"Hao mbuzi wanakutafuta nini?"

Hata mumewe akacheka, na huyo hakuwa amesema neno tangu Embu.

"Nitarudi na gari la kwenda Embu," nikasema. "Siwezi kwenda mikono mitupu."

Akaacha kucheka. "Mikono yako ikiwa imejaa, huyo mama mtasalimiana naye vipi?"

Mzee akakaza nati ya mwisho, akatupa spana kwa gari, akanifungulia mlango wa mbele. "Twende," akasema. Nikapanda. Nilitazama mikono yangu njia nzima. Ilikuwa na vumbi mpaka viwiko, nikamkumbuka Mzee Hassan.

Kwa Cucu: sahani ya ndengu

Saa kumi na mbili nilikuwa kwa Cucu. Alinikumbatia, akasema nimekonda, kisha akaniangalia vizuri akasema nimenenepa. Akapakua chakula kabla sijaketi: ugali wa mtama na ndengu.

Niliangalia ile sahani. Zilikuwa kijani kibichi na kitunguu, zinanukia vizuri. Nikashindwa kuinua mkono.

"Kula. Ni za Ciarunji hizo. Ameleta jana."

"Ameleta? Hapa?"

"Sasa angeleta wapi?"

Nikaona nisiposema sasa nitatingisha kichwa tena maisha yangu yote. "Cucu, mimi sikufunga zizi Desemba. Nilisema nilifunga na sikufunga."

Cucu hakuacha kupakua. Aliniongezea kijiko kingine cha mchuzi.

"Najua. Kula."

"Unajua?"

"Nilijua siku hiyo hiyo. Kamba ilikuwa imetundikwa kwa msumari. Mbuzi wakivunja lango, kamba inakatika. Mbuzi hawatundiki kamba."

Nilijaribu kuhesabu miezi. "Na ulimwambia Ciarunji?"

"Ulipoondoka nilienda kwake. Nilimwambia lango ni langu, mbuzi ni wangu, na mtoto aliyedanganya ni wangu. Aweke kosa kwangu. Hakutaka hata kuniangalia. Basi nikachukua jembe, mvua iliponyesha nikapanda naye, nikapalilia naye. Wiki ya tatu akaniletea uji shambani." Akafunika sufuria. "Alikuwa ameweka sukari."

Cucu ana miaka mingi na goti bovu. Nilimwona akilini ameinama kwa shamba la watu msimu mzima, mimi niko Maua naumwa tumbo.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuwa tunakungoja."

"Na kama singekuja kusema? Kama ningekuja tu kukaa?"

"Tungekulisha," Cucu akasema. "Ndengu zitapoa."

Nikala nikilia. Nikamwambia pia habari za Mwenda. Akauliza kama huyo mwalimu ana gari.

Kanisani

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Sikupanga, naapa, ndivyo kalenda yao ilivyoangukia.

Kanisa la huko ni la mabati, na jua likipanda mabati huanza kulia kidogo kidogo, tak, tak. Ciarunji alikuwa amerudi kwa benchi lake, upande wa ukuta. Nilikaa kati yake na Cucu. Alinisalimia kwa mkono tu kwa sababu maombi yalikuwa yameanza. Mkono wake ni mgumu kama mpini.

Pasta akasema tujihoji. Nikajihoji, na majibu yalikuwa yale yale: mwongo, mwoga, muumba wa kaka. Hakuna nililokuwa nimerekebisha. Kitita hakikufika, na palizi nilifanyiwa. Watu wakaanza kusogea mbele, Cucu akainuka, na mimi nikabaki nimeshika benchi. Tumbo likaanza.

Ciarunji hakuinuka. Akainama sikioni kwangu. "Huendi?"

"Bado sijakuomba msamaha," nikanong'ona. "Ni mimi niliacha zizi wazi. Nilikuwa nimekuletea kitita cha miraa, Guka alikifunga mwenyewe. Lakini kililiwa njiani."

"Na nani?"

"Mbuzi."

Aliniangalia. Uso wake ukabaki vile vile kwa muda, halafu mabega yakaanza kutikisika.

"Mbuzi *tena*?"

Hakunong'ona. Kanisa lote liligeuka. Macho yote yale ninayoyaogopa, na Ciarunji ameziba mdomo na leso akicheka, na pasta ameshika mkate akitungoja. Nikagundua kwamba mimi pia nacheka. Ciarunji akanishika mkono, ule mtupu, akasimama nao. "Twende," akasema. "Mimi pia sina kitu nimebeba."

Tulipiga magoti watatu kwa mstari. Mnataka kujua nilisikia nini. Sikusikia sauti, wala moto. Mkate ulikuwa mdogo na mkavu kidogo. Nilifungua viganja kupokea nikaona bado vina wekundu wa udongo kwenye mistari, haukutoka hata kwa sabuni ya Cucu. Nilikuwa nimengoja miezi minane niwe mtu wa kufaa, na pale mbele hakuna aliyeniuliza kama nimekuwa. Nilipewa tu, kama sahani ile. Tumbo liliacha kuuma nikiwa bado nimepiga magoti, na nilishangaa mpaka nikasahau kuinuka. Cucu akanivuta.

Maua tena

Guka alikuwa ameketi nje akipanga vijiti. Hakusema karibu. Alisema, "Alikipokea?"

Ningeweza kutingisha kichwa. Ilikuwa rahisi kabisa.

"Hapana, Guka. Kililiwa na mbuzi kabla ya Kiritiri."

Mikono yake ikasimama. Mnajua alivyokihangaikia kile kitita. "Basi hukusamehewa."

"Nilisamehewa."

"Kwa kitita gani?"

"Hakukuwa na kitita. Walikuwa wamesamehe tangu mvua. Cucu alilima kwa yule mama msimu mzima kwa ajili yangu, nami sikujua. Walikuwa wananingoja tu."

Guka si mtu wa kanisa. Hutupeleka mpaka langoni Jumapili na kurudi. Aliweka vijiti chini, akatafuna kitambo, akaangalia miti yake.

"Kabla hujaomba?"

"Kabla sijaomba."

"Hiyo mimi sijawahi kuisikia," akasema. Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi. "Keti. Anza tena, pale Cucu wako alipoona kamba kwa msumari. Na usiharakishe."